Ndoana za Mkebe wa Chai

Mzee huyu alikuwa mvuvi wa ziwani. Si wa nyavu na mashua kubwa. Wa ufito na mshipi, wa kukaa juu ya jiwe na kungoja. Mke wake alimwambia mara nyingi kwamba kama kungoja kungekuwa kazi ya ofisini, angekuwa ameshapandishwa cheo.

Mke alipofariki, binti yao alikuja na gari la kukodi akamchukua baba yake. Hakumuuliza. Alimwambia tu kwamba hawezi kukaa peke yake, na mzee hakubisha, kwa kuwa ilikuwa kweli. Hata sukari alikuwa hajui huwekwa wapi. Alipanda gari na mfuko wa nguo, ufito wake uliofungwa ndani ya shuka kuukuu, na mkebe wa majani ya chai. Mfuko ukaenda kwenye buti. Mkebe aliupakata njia nzima. Binti alidhani ni majani ya chai kweli, akanyamaza, maana mfiwa haulizwi kila kitu.

Ndani ya mkebe hamkuwa na majani. Mlikuwa na ndoana.

Vidole vya mzee vilikwisha zamani. Baridi ya ziwani iliviingia kwenye viungo, vikakakamaa, vikawa kama vidole vya kuazima. Ufito vilishika, gurudumu la kukunjia mshipi vilizungusha, lakini kupitisha uzi kwenye tundu la ndoana vilikataa. Kazi hiyo ikawa ya mke. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, miguu ameinyoosha, akafunga kila ndoana na kipande chake cha mshipi, tayari kuunganishwa. Alikuwa na fundo lake mwenyewe. Alizungusha, akazungusha tena, akarudisha mkia chini ya mizunguko, akavuta kwa meno, kisha akakata ncha kwa meno yale yale. Samaki angechanika mdomo, lakini fundo lisingefunguka. Mzee alimuuliza siku moja nani kamfundisha. Akajibu kwamba hasira ndiyo iliyomfundisha, siku fundo la mume lilipofunguka na kambare wa kulisha wageni akaenda zake.

Mzee hakujifunza lile fundo. Angejifunza la nini, na mwenye fundo yupo?

Mke alikuwa na neno lake pia. Mzee akirudi kutoka ziwani, hakuulizwa kama kuna samaki. Mke hata kichwa hakuinua. Aliuliza, "Ndoana imerudi?" Akiambiwa imerudi, alisema haya, karibu. Akiambiwa imekatika, aliguna. Samaki atazaliwa mwingine, alikuwa akisema, lakini ndoana nani ataizaa?

Alipougua alifunga nyingi. Alifunga akiwa ameegemea mto, alifunga akingoja dawa ishuke tumboni. Mzee alimtania, akamuuliza za nini zote hizo, kwani anataka wamalize ziwa? Mke hakucheka. Alizipanga kwenye mkebe, akabana kifuniko kwa kiganja, akampa. "Weka tu," alisema.

Siku zile mzee alidhani mgonjwa anajipotezea muda. Baada ya mazishi ndipo alipoelewa. Alikuwa anawekewa akiba ya siku ambazo mke hatakuwepo.

Mji wa binti ulikuwa mji wa bahari. Nyumba yao ilikuwa ghorofani, ngazi za zege, korido inanuka sabuni. Mkwe alikuwa fundi wa friji, na chumba alichopewa mzee ndicho kilichokuwa stoo ya kazi. Alilala miguu ikielekea friji mbovu zilizong'olewa milango. Mkwe aliomba radhi. Mzee akasema hakuna neno, mvuvi na samaki wote mwisho wao friji. Mkwe alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, kwa kuwa ndiyo maneno ya kwanza marefu aliyosikia kwa baba mkwe tangu afike.

Mkebe ukakaa juu ya friji, upande wa ukutani.

Walikuwa watu wema. Wema wao ndio uliomfanya asijue auweke wapi mwili wake. Binti alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikuwa sebuleni chini ya dirisha. Mzee akikaa pale, anaziba mwanga. Akisimama koridoni, majirani wanampa pole, na pole zikizidi huwa mzigo. Akaanza kutoka. Alifuata harufu ya bahari, akafika nyuma ya maghala ya zamani, kwenye ukuta mrefu wa zege ulioingia baharini. Watu walikuwa wameketi juu yake kwa safu, mishipi imeshuka majini. Alisimama akawatazama. Kisha alirudi nyumbani kuchukua ufito.

Walimpokea kwa mdomo. Mkubwa wa maneno alikuwa kuli mstaafu wa bandarini, mtu wa mabega mapana, waliyemwita Nanga kwa sababu mahali pake ukutani hakuna aliyewahi kumhamisha. Nanga aliutazama ule ufito mwembamba, akaufuata kwa macho kutoka shinani hadi nchani.

"Mzee mwenzangu," alisema, "hiki ni cha kuvulia au cha kugeuzia mahindi motoni?"

Ukuta mzima ukacheka. Mzee akasema ni cha ziwani. Basi jina likapatikana hapo hapo. Kuanzia siku hiyo akawa Maji Baridi, na kila alipotokea kwenye maghala kuna aliyepaza sauti kuwaonya samaki kwamba mgeni wao wa bara amekuja, wasimpe shida.

Vitu vyake kweli vilikuwa vya ziwani vyote. Mshipi mwembamba, gurudumu jepesi la bati na skrubu ndogo, ndoana za chuma cha kawaida. Ziwani samaki hubisha hodi. Huchezea chambo, huondoka, hurudi. Samaki wa kwanza wa baharini hakubisha hodi, alivunja mlango. Ufito ukainama mpaka ncha ikagusa maji, gurudumu likalia, mshipi ukakatika kwa mlio kama wa kibiriti. Yote yalikwisha kabla mzee hajasimama vizuri.

Wakacheka tena, Nanga akiwaongoza. Kisha Nanga akaona uso wa mzee, akaacha. Akamwambia asijali, kolekole wapo wengi, yule si wa mwisho.

"Si samaki," mzee alisema.

Alikuwa anatazama pale mshipi ulipozamia. Ndoana moja ya mkebe ilikuwa imekwenda, imeondoka na samaki ambaye hata hakumwona rangi.

Usiku ule aliamua. Angetumia ndoana moja tu, ile ile kila siku, nyingine zisiguswe. Na asingetupa mbali tena walipo wakubwa. Angevua chini ya ukuta, kwenye mawe, visamaki vya kiganjani ambavyo mshipi wake ungeviweza. Akafanya hivyo. Watu wa ukutani walimwuliza kama anavua au anachagua pambo la meza. Hakujali. Kila siku aliondoka na ndoana moja na alirudi na ndoana moja. Akifika chumbani aliifungua kwenye mshipi, akaiweka mkebeni katikati ya wenzake, akabana kifuniko kwa kiganja, vile vile alivyomwona mke wake akifanya.

Hakuiosha. Hakuifuta.

Kwao ndoana haikufutwa. Wavuvi wote wa upande wake wa ziwa walishika hivyo. Ndoana iliyooshwa nyumbani imesahau njia, walisema, na mtu aliyeonekana anafuta vitu vyake kwa kitambaa alichekwa kwamba anaandaa harusi. Iwekwe na maji yake. Maji ya ziwa yalikauka yenyewe na hayakuacha kitu. Baba yake alifanya hivyo, na mke wake, aliyekuwa mkali kwa mambo yote ya usafi, hakuwahi kuigusa ndoana kwa kitambaa.

Siku moja Nanga alimwona akikunja vitu.

"Huoshi?"

"Nini?"

"Vitu vyako. Maji ya bomba, halafu kitambaa, halafu mafuta kidogo."

Mzee akamtazama kama mtu aliyeambiwa akamwogeshe samaki. "Ndoana imetoka majini sasa hivi."

"Yale si maji," Nanga alisema. "Ni chumvi iliyolegea."

Mzee alicheka. Alicheka kweli, mpaka akajishangaa. Akamweleza kwamba kwao ndoana haioshwi, inasahau njia.

"Ya kwenu itasahau," Nanga alisema. "Bahari haisahau, na hailali. Hata ukiitia mfukoni itaendelea kula."

Mzee aliyachukua maneno yale pamoja na ya mahindi na ya pambo la meza. Nanga hakuwahi kusema neno bila kulivika utani. Lile nalo likapita na mengine.

Kisha mvua zikaja, na kifua kikamshika. Alianza kwa kukohoa, akamalizia kitandani. Binti aliacha cherehani kumletea maji ya moto, mkwe akaziba upepo wa dirisha kwa mlango wa friji. Mzee alilala akitazama ule mkebe. Wakati mwingine alinyoosha mkono akaugusa. Hakuufungua. Kila alipoufungua, zile ndoana zilikuwa kama zimefungwa jana, na mwenye kuzifunga kama ametoka tu kwenda dukani. Aliogopa kuzizoea. Jambo zuri ukilizoea umelipunguza. Akauacha umefungwa, akijua vilivyomo vimo.

Majuma yakapita, mvua nazo. Kifua kikaachia.

Siku aliyojisikia mzima alichukua ufito pembeni. Gurudumu halikuzunguka. Alidhani ni vidole, akajaribu tena. Akalisogeza dirishani. Kwenye skrubu kulikuwa na kitu cheupe kama unga, kimeota, na chini yake kijani kibichi. Alikwangua kwa ukucha. Kikampasua ukucha.

Aliuweka ufito kitandani polepole. Akachukua mkebe.

Kifuniko kilikataa. Alikwenda jikoni akachukua kijiko, binti akamuuliza anataka uji, akasema hapana. Alirudi, akafunga mlango, akakibandua kwa mpini wa kijiko.

Ndani kulikuwa kwekundu.

Ile moja aliyokuwa akivulia ilikuwa katikati, kama mgonjwa aliyelazwa kati ya wazima. Kutoka kwake kutu ilikuwa imekwenda pande zote, imewashika wenzake mmoja mmoja, ikazigandisha pamoja kuwa bonge. Mzee alichomoa moja. Ilikatika. Akachomoa nyingine kwa kuinyenyekea, akiishika kwa mshipi wake. Mshipi ulitoka mzima. Fundo lilitoka zima, limekaza vile vile, limeshika kijiduara cha chuma. Chini ya kijiduara hapakuwa na kitu.

Mafundo yote yalikuwa mazima.

Alikaa kitandani. Alikuwa amezitunza. Hilo ndilo lililomuuma. Angezitupa baharini moja moja kama mvuvi yeyote, kolekole wakaondoka nazo, zingekwisha kwa kazi yake. Kama angeitundika ile moja chumbani, kwenye msumari tu, wenzake wangepona. Alizirudishia yeye mwenyewe, kwa mkono wake, siku baada ya siku, na kila siku alibana kifuniko.

Aliupeleka mkebe ukutani. Nanga alimwona akija bila ufito, akafungua mdomo kusema lake. Mzee akauweka mkebe juu ya zege, akaufungua. Nanga akatazama muda mrefu. Aliokota kipande kimoja, akakigeuza mwangani, akaliona fundo.

"Nani alikufungia?"

"Mama watoto."

Nanga hakuuliza yuko wapi. Watu wa jirani walianza kukunja mishipi yao iliyokuwa haina haja ya kukunjwa.

Nanga alijaribu. Alichukua kopo la rangi, akatia mafuta ya taa, wakalizamisha lile bonge ndani, likalala humo. Kesho yake wakalitoa. Walikaa bega kwa bega, wazee wawili na mswaki wa zamani, wakisugua. Nyingi zilikatikia mkononi. Nanga kila moja ikikatika alisema "loo" kwa sauti ndogo, kama ndiye aliyeivunja. Zilizobaki zilikuwa nyembamba kama miiba, zimejaa vishimo.

"Hizi hata dagaa atacheka," Nanga alisema. Kisha akaonekana kujuta, kwa kuwa ulikuwa utani.

"Uliniambia," mzee alisema.

"Nilikuambia vibaya."

Nanga alivua kofia. Pembeni alikuwa amechomeka ndoana zake, kubwa, za chuma cha pua. Akachomoa moja iliyofungwa tayari, akaitia kwenye kiganja cha mzee, akamkunja vidole juu yake. Alimwambia fundo ni baya lakini linashika, na hiyo hailiwi na chumvi kirahisi. Mzee akashukuru. Fundo kweli lilikuwa baya. Lilikuwa bonge kama punje ya mahindi.

Nyumbani, binti alikuta mkebe mezani wazi. Ndipo alipojua kilichokuwa kikipakatwa njia nzima. Alikaa chini akalia, na alipomaliza akamlaumu baba yake kwa upole kwamba angesema, angesema tu, wangefanya kitu. Kisha akajifuta akachukua mshipi mmoja wenye fundo.

"Nipe nafasi, baba. Mimi nashona kila siku. Fundo ni fundo."

Aliliweka chini ya taa ya cherehani. Akachukua sindano nyembamba kuliko zote, akaiingiza chini ya mzunguko wa kwanza, taratibu, akitaka kuona mkia unapitia wapi ili naye aweze kulifunga. Mzee alisimama nyuma ya bega lake. Mzunguko wa kwanza ulilegea. Wa pili ukalegea. Binti alikuwa ameshika pumzi. Halafu lote likateleza kwa pamoja, na mkononi mwake ukabaki uzi uliojikunjakunja, kijiduara cha chuma kikadondoka juu ya kitambaa cha mteja.

Aliukunja tena kwa kufuata yale makunyanzi. Ukakataa. Akakunja kwa njia nyingine. Kikatoka kitu, lakini alipovuta kikafunguka. Akanyoosha mkono kuchukua mshipi mwingine.

Mzee akaweka kiganja juu ya mkebe. "Acha, mama."

"Nilikuwa nimekaribia, baba."

"Najua. Acha."

Binti aliiweka sindano. Alisema kwamba mama yake alikuwa akifunga pale kizingitini kila siku, na yeye alikuwa akimruka tu kupita, kwenda kuteka maji, kwenda kucheza. Hakuwahi kusimama kutazama. Mzee naye alikuwa akimruka tu.

Mkwe alirudi kazini, akaelezwa, akatafuta la kufanya. Alilichukua gurudumu, akalifungua kwenye meza ya jikoni, akalipaka mafuta ya mota za friji, akaligonga kwa mpini wa bisibisi. Likazunguka. Lilizunguka kwa kukwaruza, lakini lilizunguka. Akamkabidhi baba mkwe kwa mikono miwili, uso umemng'aa. Mzee alimshukuru sana. Isingekuwa haki kutomshukuru.

Baada ya hapo alikaa ndani siku kadhaa, mpaka kuziba mwanga kukamshinda. Akachukua ufito, akafunga ile ndoana ya Nanga, akaenda. Hakuna aliyepaza sauti kuwaonya samaki. Walimsogezea nafasi, karibu na Nanga. Alitupa mbali kidogo, kwa kuwa sasa hakuwa na cha kuogopea. Samaki akaja, akavunja mlango kama kawaida yao, lakini alikuwa mdogo, na mshipi ukamudu. Alikuwa kolekole. Nanga akampiga begani akasema leo Maji Baridi amepata moto. Mzee akatabasamu kwa adabu.

Alipanda ngazi polepole, samaki kwenye mfuko, ndoana ameichomeka kwenye kofia. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Binti alikuwa cherehanini, mgongo kwa mlango, mguu unakanyaga. Alisikia hatua. Hakugeuka, hakuinua kichwa.

"Ndoana imerudi?" aliuliza.

Alikuwa amelihifadhi neno la mama yake tangu utotoni. Pengine mchana wote alikuwa analipima kama aliseme au asiliseme. Na alilisema vile vile, kwa sauti ya chini yenye haraka, kama mtu mwenye kazi nyingine.

Mzee alisimama mlangoni. Mfuko ulikuwa unadondosha maji sakafuni. Jibu lilikuwepo. Ndoana ilikuwa imerudi, alikuwa nayo kichwani. Alifungua mdomo. Likaja mpaka kwenye meno likakaa hapo.

Cherehani ikanyamaza. Binti akainua kichwa akageuka, na alipogeuka akawa binti yake tu, macho yamejaa, anangoja.

Mzee akampita. Alimwekea samaki jikoni, akachukua mkebe chumbani, akaingia bafuni na vitu vyake vyote. Akafungua bomba. Akaosha ndoana ya Nanga, akaosha gurudumu, akaosha ufito kutoka shinani hadi nchani. Kisha akaufungua mkebe, akauinamisha chini ya maji. Maji yakatoka mekundu. Akaendelea. Yakatoka ya hudhurungi, kisha kama chai iliyopoa, kisha meupe. Mafundo yalikuwa yamebaki chini, yanang'aa. Akaendelea kuosha.

Binti alikuja akasimama kwenye mlango wa bafu. Maji yalikuwa yanapotea bure, na katika nyumba ile maji hayakuachwa yapotee. Hakumwambia afunge.